Karatasi Haina Mikono

Mwanangu Ediltruda,

Maisha yangu yote nimeanza barua kwa maneno yale yale, mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali, na nimeyaandika kama karani anavyogonga mhuri, huku macho yakitazama nje. Leo wewe hata mbali hujaenda. Uko kwa mama yako mdogo pamoja na mama yako, mnaaga, vicheko vyenu navisikia mpaka hapa, na lori la ushirika halitakuchukua mpaka kesho alfajiri. Lakini ndiyo mara ya kwanza maneno hayo yananitoka yakiwa na uzito wake. Mimi ni mzima. Hofu ni kwako.

Karatasi hii nimeichana katikati ya daftari lako la hesabu. Usinigombeze. Hesabu umekwisha kufaulu, na mimi niliyeishia darasa la pili sina daftari la kuchana.

Mchana uliniuliza swali, nikakujibu kwa mzaha, ukainuka ukaenda kuteka maji wakati mtungi umejaa. Baba akiona binti yake anakwenda kuteka maji ya kumwaga, anajua ameharibu. Uliniuliza, "Baba, nikilifuta hilo kwenye karatasi, halafu nikaanguka huko huko kazini?" Nami nikasema, "Ukianguka, chagua karani mnene umwangukie." Mama yako alinitazama kwa jicho ambalo nitakula nalo wali mkavu mwezi mzima. Nilikuwa na woga, na woga wangu una tabia ya kuvaa nguo za mcheshi.

Sasa nikujibu. Ila nitazunguka kidogo, unanijua.

Kwanza, hiyo karatasi yako. Ofisi ya kahawa kule Mbinga imesema njoo kwenye usaili na maelezo ya maisha yako mkononi, nawe umeandika kurasa nne! Ulipokuwa unanisomea, kiko changu kilizima kwa kicheko, na mama yako alidhani ni waraka wa mtume. Umeanza na babu yako alivyomkimbia mtoza kodi akajilaza ndani ya shimo la ngolo, yale mashimo tunayochimba Wamatengo kwenye mashamba ya mlimani ili mvua isituibie udongo. Ukapita kwenye ukame, ukapita kwenye vifo, ukamtaja mbuzi wa mjomba wako. Wewe mwenyewe umezaliwa ukurasa wa pili.

Sikulaumu. Umeandika kama ulivyolelewa. Kwetu mgeni hasemi haja yake akiwa wima. Anakalishwa, anapewa maji, kisha anaambiwa, haya, tupe habari. Naye anaanza alikotoka, nani anaumwa huko, nani kafariki, mvua zikoje, na akiruka jambo wazee wanatazamana, huyu ana nini tumboni? Basi na wewe umeikalisha ofisi mkekani ukaipa habari. Lakini ofisi haikai mkekani, mwanangu. Ofisi imesimama mlangoni na inataka kwenda kula.

Najua, kwa sababu na mimi niliwahi kuikalisha. Nilipotoka kwetu Kitura, kijana, suruali moja, nilisikia wanatafuta watu wa kuchimba barabara. Msimamizi alikuwa mgeni, mtu wa mkoa mwingine, ameketi kwenye pipa. Nikamwamkia, nikachuchumaa, nikaanza. Nikamweleza nimegombana na kaka yangu mkubwa kwa ajili ya mbuzi jike. Nikamweleza tumbo linanisumbua tangu masika. Nikamweleza kwamba nasikia kuchimba barabara ni kazi ya wafungwa lakini nimeona nijaribu. Yule bwana alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, kisha akasema, "Kijana, nimekuuliza jina."

Kazi sikupata. Walimpata mtu aliyesema jina.

Basi kuhusu karatasi yako, babu na mtoza kodi wake waache walale shimoni. Mbuzi mwondoe. Pale ulipoandika kwamba ulikuwa wa pili darasani na kwamba yule wa kwanza alikuwa anakutazamia majibu, hilo la kuwa wa pili libaki, mtazamiaji mwachie Mungu wake. Uliandika pia "mimi ni mtu ninayependa ukweli." Futa. Muuza samaki akipiga kelele kwamba samaki wake hawajaoza, watu wanaanza kunusa. Na mimi baba yako ukaniandika "hana kazi maalumu." Ahsante sana. Andika mkulima. Siku hizi katika karatasi mkulima ni mtu mkubwa, wanamwimba mpaka redioni, jembe begani. Kweli kwenye shamba la kijiji mimi hulima zaidi kwa mdomo, lakini hilo balozi wetu wa nyumba kumi analijua peke yake na amelizoea. Na ukifika ukasikia kila mtu anaitwa ndugu, nawe ita ndugu, ila usikae kwenye kiti cha ndugu mkubwa.

Ukamaliza kusoma, nikadhani tumemaliza kucheka. Ukageuza ukurasa wa mwisho. "Nilipokuwa mtoto niliugua ugonjwa wa kuanguka. Natumia vidonge. Sasa sijambo." Umeyaandika kwa mwandiko mzuri kuliko mengine yote.

Hapo ndipo niliposema futa, na nilisema kwa sauti ambayo hukuizoea.

Sasa nikueleze kilichonipita kichwani. Niliwaona wale mabwana wa usaili wamekaa mezani. Niliwaona wanafika kwenye mstari huo, na yule aliyeshika karatasi anaiweka mezani taratibu, kisha anajifuta vidole kwenye suruali. Wewe unawajua watu. Hapa kijijini mtu akianguka wanakimbia, wanasema povu likikugusa ugonjwa umehamia kwako. Watu wenye elimu watasema hawaamini hayo, lakini nimewaona wenye elimu wakivuka barabara. Kwa hiyo niliogopa usipate kazi.

Kisha ukauliza swali lako, na woga wa pili ukanikuta kabla sijamaliza wa kwanza. Huku ziwani kuna joto, tunapikia nje, moto ni kitu cha uwanjani. Kule Mbinga ni baridi. Mimi nimezaliwa kwenye baridi hiyo. Watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanalikumbatia kama mjukuu, wanalala nalo. Utapanga chumba kwa mtu asiyekujua. Utakaa karibu na jiko lake. Na mkono wako wa kushoto una lile kovu la moto, huhitaji kuniuliza limetoka wapi.

Ndiyo maana nikataja karani mnene.

Sasa sikiliza kisa ambacho umekisikia nusu. Ile nusu ya mama yako, anayopenda kuwasimulia wageni, inaanzia ndani ya maji. Mimi nitaanzia nchi kavu.

Baada ya kukosa barabara niliapa kwamba mahali pengine nitakapokwenda sitatoa habari hata moja. Nikashuka mpaka ziwani. Nilikuwa sijawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Huko nikamkuta Mzee Athumani, yule yule wa dukani, Mungu amrehemu, wakati huo angali na ndevu nyeusi na mashua ya kubebea mchele na usipa mkavu, dagaa wetu hawa, kwenda na kurudi ufukweni kote huku. Alikuwa anatafuta mpagazi wa mashuani.

"Unatoka wapi, kijana?"

"Kihagara, mzee."

Kihagara, kijiji cha wavuvi, nilikuwa nimepita jana yake, nimeomba maji ya kunywa.

"Basi maji unayajua."

"Kama samaki, mzee."

Angalia hapo, mwanangu. Msimamizi wa barabara nilimwambia vyote, nikakosa. Mzee Athumani nikampa uongo mtupu, nikapata. Nilijiona nimeerevuka. Nilipiga mluzi siku nzima.

Tatizo la kuwa mtu wa Kihagara ni kuoga. Wenzangu jioni walijirusha ziwani toka kwenye miamba, mimi nikachuchumaa ukingoni na kibuyu, najimwagia mgongoni kama kuku anayenyeshewa. Msichana mmoja muuza usipa alikuwa anaosha vikapu vyake karibu. Akanitazama, akanitazama tena.

"Kaka, maji yanauma?"

"Nina kidonda."

"Kiko wapi?"

"Ndani."

Alicheka mpaka akakaa. Nikaona huyu hatanyamaza, bora nimwombe. Nikamwambia mimi ni Mmatengo, sijui kuogelea, na mzee akijua nitarudi mlimani kula matusi ya kaka yangu. Akasema, "Mmatengo unakwenda kazi ya mashua. Na mimi kesho nitakwenda kuvuna kahawa juu ya mawingu." Lakini aliitikia kwa kichwa kwamba atanyamaza, na akanyamaza kweli. Hakuna mtu mwingine ziwa zima aliyejua.

Siku niliyoanguka hapakuwa na dhoruba. Nakuambia hivyo kwa sababu wewe utakuwa unaogopa siku za dhoruba. Maji yalikuwa yametulia kama chai iliyosahaulika. Tulikuwa tumeegesha kwenye miamba karibu na Liuli, pale maji yanapokuwa marefu ghafla, wanawake wa usipa wamekaa na vikapu vyao, na mimi napita kwenye ubao na gunia la mchele la Mzee Athumani. Mguu ukateleza. Gunia likaenda kwake, mimi kwangu.

Na nilipokuwa nazama, nilisikia kicheko.

Ndicho ninachotaka ukisikie. Walikuwa wanacheka, na hawakuwa watu wabaya. Wenzangu tulikula sahani moja. Walimwona mtu wa Kihagara ameanguka majini, sasa hilo ni la kulilia? Nilipoibuka mara ya kwanza nilimsikia mmoja anasema, "Mwacheni, anatafuta mbasa wa kitoweo." Nilipoibuka mara ya pili nilimwona Mzee Athumani mwenyewe anaonyesha lilikozama gunia, anapiga kelele, "We! Usitoke bila mchele wangu!" Nikataka kuwaambia, lakini mdomo ulikuwa na ziwa ndani. Mapadre walinibatiza kule juu, Waanglikana wakanipokea huku chini, lakini aliyenizamisha hasa ni uongo wangu. Nilikuwa nakufa mbele ya watu walionipenda, mchana kweupe, na hakuna aliyeona, kwa sababu niliwafundisha mwenyewe wasione.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke. "Ninyi mazuzu! Huyo hajui maji! Ni Mmatengo huyo!"

Mengine unayajua, mama yako amekwisha kuyatia chumvi ya kutosha. Alijitupa na kaniki yake, akanishika nywele, ndiyo maana nina upara, au ndivyo ninavyosema. Alitunza siri yangu mpaka siri ilipotaka kuniua, ndipo akaitoa.

Nilipokwisha kutapika nusu ya ziwa, Mzee Athumani akachutama mbele yangu.

"Umenidanganya."

"Ungeniajiri, mzee?"

"Mashuani? Nisingekuajiri. Ningekuweka dukani, mjinga wewe. Kule maji ni ya chai tu."

Na dukani akaniweka, kwa miaka, na gunia la mchele akanikumbusha mpaka alipokuwa mahututi.

Unaweza kusema, basi baba, hadithi yako inasema niandike. Na mimi nimekaa hapa nazungusha jambo hilo tangu jua lilipozama, taa inakula mafuta ambayo mama yako amenikataza. Lakini wakubwa wote si Mzee Athumani. Wengine hawana duka la kukuhamishia, wana mlango tu. Na mimi sikuacha tu kutaja jambo, mwanangu. Mimi nilidanganya. Kuacha ni kufunga mlango wa chumba chako. Kudanganya ni kuchora mlango ukutani ukawaambia watu wapite. Wakikuuliza, "Je, una ugonjwa wowote?", basi sema, kwa sauti ile ile utakayosemea jina lako, na mkono usiufiche. Wakikukataa kwa hilo, rudi, usipa upo. Wasipouliza, hukuwa na deni la kuwapa habari. Hawakukukalisha mkekani.

Lakini ukishaliacha nje ya karatasi, kazi haijaisha. Hapo ndipo nilipokosea mchana, nilisema futa kana kwamba kufuta kunatosha.

Unaukumbuka ule mwanguko wa barazani kwa Mzee Athumani? Huwezi kuukumbuka, wewe huwa hupo. Mimi nilikuwepo. Ulikuwa darasa la sita, umetumwa sukari. Nilikuwa ndani napima, nikasikia viatu na miguu vinakimbia, nikatoka. Baraza lote lilikuwa tupu. Watu wamesimama barabarani wameacha duara kubwa, na katikati ya duara uko wewe, na kando yako Mzee Athumani mwenyewe amepiga magoti. Amevua kofia yake, ile nyeupe ya kufuma aliyoletewa kutoka pwani, asiyoruhusu hata mkewe aifue, ameiweka chini ya kichwa chako. Amekugeuza ubavu. Anasema, "Taratibu, mama, taratibu, hakuna haraka." Watu wanamwambia mzee toka, utaupata. Akasema, "Nina miaka mingi mno, hautanikuta na nafasi."

Baadaye nikamuuliza alijuaje la kufanya. Akasema, "Mkeo aliniambia. Zamani. Alisema mtoto anapita hapa kila siku, akianguka mgeuze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, subiri." Mama yako hakuniambia kwamba amemwambia. Hakuweka tangazo kanisani. Alitafuta mtu mmoja pale unapopita, akamwambia.

Hilo ndilo jibu langu, mwanangu. Karatasi hata ukiiandikia kila kitu, haina mikono. Itakaa ndani ya jalada, jalada ndani ya kabati, na wewe utakuwa sakafuni. Tafuta mtu mwenye mikono. Mmoja ofisini, mmoja unapolala. Usianze na mkubwa. Usianze na mzungumzaji kama mimi. Ukimwona mtu unayemdhania, mwambie mkiwa mnakunywa chai, kisha usimtazame usoni, uso umezoea kudanganya. Tazama mikono yake. Ikirudi nyuma kukinga kikombe, si huyo, mwongezee sukari, endelea na mazungumzo mengine. Ikibaki pale ilipokuwa, ni huyo. Mwambie kuhusu ubavu, kuhusu kitu laini, kuhusu kusubiri. Mwambie kuhusu jiko. Na vidonge usiruke hata siku unayojiona mzima kuliko ng'ombe, siku hizo ndizo za maji yaliyotulia.

Na mpaka utakapompata mtu huyo, nakuomba, wewe uliyebeba jina la mama yangu, lala na baridi. Mablanketi mawili nimeyafunga kwenye mzigo wako. La pili ni langu. Mama yako anajua, amejifanya hajui.

Naogopa, Tuda. Sikuwahi kukuambia kwa sababu nilidhani baba akisema anaogopa, mtoto ataogopa zaidi. Lakini nilipokuwa majini sikuhitaji mtu jasiri. Mama yako alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Nilihitaji mtu anayejua.

Nawasikia mnarudi, niharakishe. Wewe umelalamika tangu utotoni kwamba masufuria ya nyumba hii yanasuguliwa mno, kwamba mama yako ana wazimu wa kung'arisha, kila siku mchanga, kila siku ziwani, hata sufuria ambalo halijapikiwa. Wanawake wa kijiji wanamsema kwa hilo, wanadhani anajivuna. Hebu kesho, lori likichelewa, tazama saa anayokwenda. Anakwenda saa ninayokwenda kuoga. Mimi bado sijui kuogelea, mwanangu, na uzee umenifanya mtelezaji. Naingia mpaka magotini, naimba nyimbo zangu mbaya, na yeye anakaa kwenye lile jiwe anasugua, anasugua, hainui kichwa, ila nikinyamaza kidogo mkono wake unasimama.

Nenda ukatafute wako wa kusugua masufuria.

Mimi ni mzima.

Baba yako, mkulima.